Kadi Zilizokwama Kwenye Foleni

Alhamisi ile niliyokuwa nichapishe programu ya mazishi ya mama, kompyuta ilinigomea. Printa haikuwa na kosa. Taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka, karatasi zimejaa, wino upo. Kilichogoma ni huduma ndogo iliyo ndani ya kompyuta, ambayo sisi mafundi huiita spooler na ambayo wateja hawajui kama ipo mpaka siku inapolala. Kazi yake ni ya karani wa mlangoni. Hupokea kila waraka unaotumwa kuchapishwa, huupanga kwenye foleni, kisha huukabidhi kwa printa zamu yake ikifika. Karani asipoingia kazini, printa hukaa tu, hata uipigie magoti.

Nina duka dogo la kompyuta hapa Ikutha, karibu na soko la mifugo. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nawasaidia watu na mambo ya serikali ya mtandaoni, na zaidi ya yote natengeneza programu za mazishi. Familia ikifiwa, mtu mmoja hutumwa kwangu akiwa na picha kwenye simu na wasifu wa marehemu, nami nampangia kila kitu: picha mbele, wasifu katikati, nyimbo nyuma. Nawajua marehemu wa upande huu kuliko wachungaji wanaowazika.

Sasa ilikuwa zamu yetu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, nyumbani Kalamba, ng'ambo ya mto Athi upande wa Makueni. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa amevuka asubuhi ile kuniletea wasifu uliokubaliwa na familia. Ulikuwa umeshagombaniwa vya kutosha: kuna mjukuu aliyesahauliwa, kuna mkwe aliyewekwa chini ya mkwe mwenzake, kuna jirani aliyetaka lazima aandikwe rafiki wa karibu. Mama mdogo alitakiwa arudi na programu zenyewe kwa gari la mchana, maana jioni ile wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kugawana nani atasoma nini. Kesho yake ingekuwa siku ya mochari na ya kuchimba kaburi, na hakuna mtu angepata nafasi ya kuja tena Ikutha.

Aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka kiondo chake miguuni, akaanza kunitazama. Mimi sipendi kutazamwa nikifanya kazi. Nilifungua dirisha la huduma, nikaitafuta ile spooler kwenye orodha, nikabonyeza ianze. Ikaanza. Nikahesabu pumzi mbili, ikasimama. Nikabonyeza tena. Ikaanza, ikasimama.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema imechoka."

Hakucheka. Nami sikuwa nimekusudia acheke, ilinitoka tu. Siku hizo maneno yalikuwa yananitoka hivyo, makavu, nikijisikia nikiyasema kwa mbali.

Sikuwa nimelia. Tangu simu ya ndugu yangu iliponikuta nikiwa dukani, sikuwa nimedondosha hata chozi moja. Waliokuja kunipa pole walinitazama machoni wakitafuta machozi, wakayakosa, wakashindwa kujua waendelee vipi. Mwili ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilikula nilichopewa. Nilijibu salamu. Nilichagua sanduku pamoja na ndugu yangu, na nilipoulizwa rangi nikasema yoyote, na kwa kweli yoyote ingefaa. Usiku nililala vizuri sana, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu mimi na mama. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba. Kwa hiyo mama alipoolewa, akanizaa, akajikuta amembeba mama mkwe wake mgongoni. Alilichukulia jambo hilo kwa utani na kwa heshima kwa pamoja, na hakuna aliyejua mpaka kati ya hivyo viwili uko wapi. Ndugu yangu alikuwa akifokewa, mimi naombwa. "Mama mkwe, kama si usumbufu, hebu nichotee maji." Nikikataa, anasema basi, mkwe hashurutishwi, kisha anakwenda kuchota mwenyewe akiwa ameshika kiuno ili majirani wote waone. Sikuwahi kukataa mara mbili. Nilikua hivyo, nikitumwa kwa adabu hadi nikawa mtu mzima mwenye duka na bado natumwa.

Kazi ya mwisho aliyonituma ilikuwa kadi.

Alikuwa amelazwa hospitalini Kitui muda mrefu, mpaka tukaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Kisha akapata nafuu. Akatoka wodini kwa miguu yake, akakataa kiti cha magurudumu, nami nikampiga picha pale nje akiwa amevaa kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa. Alipofika nyumbani akatangaza kwamba atafanya ibada ya shukrani kanisani, na baada ya ibada watu waende kula kwake. Akataka kadi za mwaliko. Nikamwambia, mama, siku hizi watu hualikwa kwa simu, nitatuma ujumbe kwa wote kwa mara moja. Akanijibu kwamba simu ni ya kuulizia bei ya ndengu.

"Mtu anaitwa kwa mkono," akasema. "Na ile ya rafiki yangu, mama mkwe, umpelekee wewe mwenyewe. Nimeshamwambia itakuja."

Rafiki huyo walikuwa naye tangu usichana wao. Hajui kusoma, lakini kadi zote alizowahi kupewa amezibandika ukutani, za harusi za watoto wa watu wengine na za kila jengo la kanisa lililowahi kufunguliwa.

Nikatengeneza kadi. Nikaweka ile picha ya kitambaa cha chungwa, nikanunua karatasi nzito, nikatuma zichapishwe. Siku hiyo stima ilikuwa inakuja na kuondoka. Printa haikutoa kitu. Sasa, kuna jambo moja ambalo huwagombeza wateja wangu kila siku, hata nimelibandika ukutani: ukibonyeza mara moja na haikutoka, usibonyeze tena. Mtu akiona kimya hudhani hakusikika, hurudia, na anarudia tena, na nyuma ya pazia kazi zinarundikana moja juu ya nyingine. Mimi niliyeandika tangazo hilo nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikaendelea. Nilitaka zitoke siku ile ile. Stima ikakatika kabisa katikati ya kazi, na kabla haijarudi ndugu yangu akapiga simu. Mama alikuwa ameketi uani akichambua ndengu, akainama. Walidhani anaokota kitu.

Nikateremsha mlango wa duka nikaenda. Sikurudi mpaka Alhamisi ile.

Kwa hiyo ukweli ni kwamba nilijua. Nilijua tangu nilipoona huduma ikianza na kusimama, tena nilijua bila kuhitaji kusoma chochote. Waraka ukiharibika kwenye foleni, spooler hufa kila inapojaribu kuusoma. Ukiiwasha inarudi pale pale, inaukuta, inakufa tena. Dawa yake ni rahisi na nimewapa watu wengi dawa hiyo kwa simu: walimu, makarani wa hospitali, mpaka karani wa chifu. Unaizima huduma. Unaingia kwenye folda ambamo foleni huhifadhiwa. Unafuta kila kilichomo. Unaiwasha tena. Wakiniuliza, je, kama kuna kazi ya mtu humo? huwajibu: msiangalie ni ya nani, foleni iliyokwama haina mwenyewe.

Lakini asubuhi ile nilizunguka. Niliwasha kompyuta upya. Nikakagua ile huduma nyingine ambayo spooler huitegemea, nikaikuta nzima, inafanya kazi yake bila neno. Nikatazama kama spooler imewekwa ijiwashe yenyewe, nikakuta imewekwa hivyo. Nikabadilisha waya wa printa, ingawa waya haukuwa na hatia yoyote. Nikajaribu kuing'oa printa kwenye mfumo na kuiweka upya, jambo ambalo haliwezekani spooler ikiwa imelala, na nililijua hilo pia. Nikafungua kumbukumbu za makosa nikazisoma mstari kwa mstari, zote zikisema jambo moja.

Mteja alichungulia akitaka fotokopi ya kitambulisho. Nikamwambia leo hakuna. Akasema lakini mlango uko wazi. Nikamwambia mlango wa kanisa pia huwa wazi siku ambazo hakuna mahubiri. Mama mdogo akamwelezea kwa Kikamba kwamba nimefiwa, yule mtu akavua kofia, akanipa pole, akaondoka bila kunitazama. Nikaona haya kidogo. Haya ilikuwa kitu, angalau.

"Imekufa?" mama mdogo akauliza, akionyesha kompyuta kwa kidevu, kisha akafumba mdomo haraka.

Ndugu yangu akapiga simu. "Vipi huko? Wazee wanauliza."

"Ngoja kidogo."

"Kama imeshindikana si useme tu, nitafute mtu Kitui. Kuna jamaa pale anachapisha saa hiyo hiyo."

"Hakuna kilichoshindikana."

"Dada, sikugombezi. Nasema tu watu wasije wakakosa."

"Nimesema ngoja!"

Nikakata. Nimechapisha programu za watu wengi wa nchi hii kavu, wengine hata sikuwapenda. Mama yangu mwenyewe achapishwe na jamaa wa Kitui asiyemjua, anayeweza kumkata kitambaa cha kichwa pembeni ili picha itoshe? Hilo lilinikasirisha, na hasira ile nayo ilikuja ikapita, ikaniacha pale pale mbele ya kioo cha kompyuta.

Basi nikaizima huduma, nikaingia kwenye folda. Mafaili yalikuwa yamelala pale mawili mawili, majina yao tarakimu tupu. Hakuna picha, hakuna mama, hakuna neno shukrani. Saa tu zilizoandikwa kando yake, za mchana ule, zikifuatana kwa karibu sana: kila mara niliyobonyeza. Nikayachagua yote. Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, nikakiacha hapo.

Nataka nieleweke. Kadi yenyewe sikuwa naipoteza. Ilikuwa imehifadhiwa kwenye folda nyingine, naweza kuifungua hata leo. Akili yangu ililijua hilo vizuri. Lakini kadi zile kwenye foleni zilikuwa kazi niliyotumwa, na muda wote zilipokuwa zimekwama, bado nilikuwa njiani. Nilikuwa nimechelewa tu. Nikizifuta, nimeirudisha kazi bila kuifanya. Na ningezifuta ili nini kipite? Ili wasifu wake upite, wenye ile ile picha, wenye mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Nilikaa pale nikiwa sihisi chochote na siwezi kubonyeza.

"Sasa shida ni nini?" mama mdogo akauliza. Alikuwa ameinuka, amesimama nyuma yangu. Hajui kompyuta, lakini mtu aliyekwama anamjua.

"Ni kadi za mama, anti. Zimekaa mbele. Programu haiwezi kupita."

"Zile za shukrani?"

"Zile."

Nje, mbuzi walikuwa wanapakiwa kwenye lori, na mtu mmoja alikuwa akiwahesabu kwa sauti na kukosea kila mara.

"Si uzitoe kwanza hizo, halafu zile zingine zifuate?"

"Haziwezi kutoka. Zimeharibika. Lazima nizifute."

Akavuta kiti cha wateja wa picha akaketi kando yangu, karibu kabisa, mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye leso yake. Nyumba ya msiba hupika mchana kutwa.

"Mimi alinituma sufuria," akasema. "Ile kubwa kabisa. Alisema ya kanisa imetoboka, na watu wa shukrani watakuwa wengi. Nikainunua. Hiyo siku ndugu yako alinipigia, nilikuwa nimeibeba kwa kichwa."

Sikujua. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Iko wapi?"

"Iko hapo kwenu, uani. Ndiyo wanapikia mahindi ya muthokoi tangu juzi. Jumamosi pia tutapikia hiyo." Akajipangusa uso kwa pindo la leso. "Sasa mimi ningeifanya nini? Niirudishe dukani?"

Nilitazama kioo. Nikafuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, kama inavyouliza siku zote, nikaijibu kwamba ninayo. Folda ikabaki nyeupe. Nikaiwasha huduma, nikangoja, pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mbele ya jina lake pakaandikwa kwamba inafanya kazi. Haikusimama.

Programu zikaanza kutoka. Nilikuwa nimeweka karatasi za kawaida, kama ninavyowafanyia watu wote. Nikaisimamisha. Nikazitoa zile karatasi, nikaenda kwenye rafu nikachukua karatasi nzito, zile za kadi, zilizokuwa bado kwenye pakiti yake, nikazipakia, nikaanza upya. Mama mdogo alizipokea zikiwa na joto, akawa anazikunja katikati moja moja kwa upande wa kiganja, polepole, bila kuiangalia picha. Tulikunja mpaka gari la mchana lilipopiga honi barabarani, naye akazitia zote ndani ya kiondo.

Jumamosi watu walijaa hadi kwenye shamba la mbaazi. Programu huwa zinagawiwa na vijana kwenye lango la hema, na ukweli ni kwamba hazigawiwi, hunyakuliwa. Mmoja anachukua nne, mwingine anakosa, na mwisho wa siku nyingine zinakuwa za kukalia. Nilisimama karibu na jeneza nilipowekwa, nimevaa nilichovalishwa, nikitazama mambo hayo kama nilivyozoea kuyatazama kwenye misiba ya watu. Niliona mahali ambapo wino ulikuwa umepauka kidogo. Niliwaza kwamba nibadilishe katriji.

Kisha nikamwona yule rafiki yake mama. Alikuwa safu ya nyuma kabisa, chini ya mwembe usio na kivuli cha maana, na mikono yake ilikuwa mitupu juu ya magoti. Waliomzunguka wote walikuwa na programu. Yeye alikuwa hajanyakua.

Nikaondoka pale jeneza lilipo. Ndugu yangu akanishika mkono kuniuliza naenda wapi, nikajinasua. Nikachukua bunda lililobaki kwa vijana wa langoni, nikapita katikati ya watu, nikafika kwake. Akanisalimu, nikainama nikampa moja kwa mikono miwili.

Akaipokea naye kwa miwili. Akaipapasa unene wake kwa dole gumba. Akaitazama picha kwa muda, kitambaa kile cha chungwa, mama akiwa amesimama kwa miguu yake nje ya hospitali.

"Aliniambia utaniletea," akasema. "Nikamwuliza, na akisahau? Akasema, huyo nimemtuma mwenyewe. Huyo ni mama mkwe wangu, akitumwa anafika."

Hapo ndipo ganzi ilipoachia, na iliachia kwa maumivu, pale pale mbele ya watu. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Yeye alinishika kifundo cha mkono, akaniacha nilie, na mkono wake mwingine ukawa umeinua kadi juu ili isilowe. Nilipopata pumzi nikajipangusa, nikageukia mwanamke aliyekuwa kando yake, nikampokonya ile aliyokuwa ameinyakua, nikampa nyingine kwa mikono miwili. Kisha nikaendelea na safu ile, mmoja baada ya mwingine, nikimsalimu kila mtu.